Kiungo cha Msambaa

Zaina, mtani wangu,

Shikamoo hupati kwangu, tulikuwa rika moja. Na kukuuliza kama hujambo naona ni kukudhihaki, ingawa kukudhihaki ndiyo kazi niliyorithi kwa mababu tangu tulipokutana kidato cha kwanza pale Lushoto. Basi pokea tu habari. Mimi Kulwa, Mnyamwezi wako, mjukuu wa kike wa wapagazi, ni mzima wa mwili. Moyo usiniulize. Nina hasira, na nyingine ni juu yako.

Nianze na kwenu, maana najua ungeanza kuuliza huko. Baba yako yupo. Asubuhi za ukungu nyonga inamsumbua kama zamani, lakini anatoka na fimbo yake, anasimama ukingoni mwa shamba na kuwaelekeza vibarua maji yapite wapi kwenye matuta. Kabichi zimekubali. Mapeasi yameiva mengi hadi yanaozea chini, kwa sababu barabara ya kupandia huko imekatika tena kwa mvua na walanguzi wanaishia mjini. Chumba chako hakijapewa mtu. Koti lako jeupe la maabara linaning'inia kwenye msumari, na jirani yenu mmoja aliniuliza kama ulikuwa nesi. Nikamwambia ndiyo. Nilikuwa nimechoka kueleza.

Kueleza ndiko kulikokusumbua maisha yako yote. Watu wakikuuliza kazi yako, wakisikia unaunganisha metali, wanasema kumbe fundi wa kuchomelea, na hapo hapo wanakuonyesha geti lililokatika bawaba. Ulikuwa unakunja uso. "Kuchomelea ni kuyeyusha," ulikuwa unasema. "Hapa hakiyeyuki kitu." Halafu unaanza, na wewe ukianza huna breki: vipande viwili vya titani, kila kimoja kimechanganywa na madini yake kikawa aloi yake, kimoja kigumu, kimoja laini kidogo. Unavisugua kwa msasa mpaka ving'ae. Unaviosha. Unavibananisha uso kwa uso ndani ya tanuru lililonyonywa hewa yote, unavipasha moto viwe vyekundu bila kuyeyuka, unavikandamiza na kusubiri. Polepole chembe za huku zinahamia kule na za kule zinahamia huku, hata mstari wa kati unapotea. Ukikata na kutazama kwa hadubini, huoni tena vilipokutania.

Neno la vitabu vya fizikia ni msambao. Siku uliponiambia kwamba kitu chako kinaitwa kiungo cha msambao nilicheka nikakaa chini. Nikakwambia ndiyo maana yake, kazi ya kusambaa wangempa nani kama si Msambaa? Tangu siku ile pale maabara tukakiita kiungo cha Msambaa. Wewe mtafiti, mimi fundi wa tanuru, na ukitaka nisogeze mitungi ya gesi unaita tu, "Mpagazi!" nami nakuja na matusi yangu mdomoni.

Wengine walidhani unatafuta sifa za kigeni. Mimi nilijua unatafuta nyonga ya baba yako. Mzee Bakari aliteleza na tenga la kabichi kwenye ule mteremko wa mtoni, wakamwekea chuma pajani, na chuma kile kikawa kigumu kupita kiasi. Kinabeba mzigo wote peke yake, na mfupa wa pembeni unabaki bila kazi na kupungua. Ulinieleza hivi: mfupa ni sawa na shemeji mvivu, ukimpata wa kumbebea analala moja kwa moja. Kwa hiyo ulitaka kitu kimoja chenye tabia mbili, kigumu juu panapobeba mwili, laini chini panapokaa na mfupa. Titani mbili zisizofanana, bila gundi, bila risasi ya kuchomelea, bila mshono wa kuja kuachia mtu akiwa njiani kwenda msikitini.

Na ilikuwa inakubali. Hilo ndilo linaloniuma. Kabla ya ile siku ya kuufungua mradi rasmi mbele ya wafadhili tulikuwa tumeunganisha vipande vidogo vya majaribio, mimi na wewe, milango imefungwa, na vilishikana. Sheria ilikuwa moja tu, uliiandika kwa herufi kubwa na kuibandika mlangoni: baada ya kuosha, hakuna kugusa kwa mkono. Kibano na glavu safi, basi. Mimi mwenyewe uliwahi kunifukuza chumbani kwa sababu nilitoka kupaka mafuta ya nazi kichwani. Ulinifukuza kwa kelele. Kwangu kelele ulikuwa nazo.

Lakini Mkurugenzi wa taasisi yetu alipokuja kuwa mgeni rasmi, kelele zako ulizipeleka wapi?

Siku ile sikuwa chumbani, na nashukuru Mungu, maana sijui ningefanya nini. Umeme ulikatika wageni wakiwa kwenye chai, nikakimbilia nje kwenye jenereta. Niliporudi mikono ina dizeli, nikasimama mlangoni, nikakuta shughuli imekwisha. Nilisimuliwa na wewe. Wafadhili wamesimama, mpiga picha yupo, mshereheshaji akapata wazo lake zuri kwamba mgeni rasmi asibonyeze kitufe tu, aweke vipande mwenyewe kwa mkono wake, kama anavyoweka jiwe la msingi. Watu wakapiga makofi. Mkurugenzi akaweka chini sahani ya sambusa, akajifuta vidole kwenye karatasi ile laini isiyofuta kitu, akainua vipande vyako viwili vilivyokwisha oshwa. Akavigeuza kwenye jua la dirishani. Akapapasa uso wa kimoja kwa dole gumba, akasema, "Laini hii, kama kioo!" Halafu akaviweka, akafunga mlango, akabonyeza.

Na wewe ukasema, "Ahsante sana, Mheshimiwa."

Nilipokuuliza jioni yake, ulikuwa umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ulinijibu kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwako. "Ningesemaje, Kulwa? Alishavishika." Nikakwambia ungesema subiri kidogo mzee, tuvioshe tena. Ukanitazama kama nimekuambia umvue kofia mbele ya watu. Ukasema labda moto utayachoma yale mafuta. Ulijua hautayachoma. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba pasipo na hewa mafuta hayaungui, yanaganda yakawa masizi na kukaa hapo hapo katikati.

Walipokivuta kile kiungo kwenye mashine ya kupima nguvu kesho yake, mbele ya wale wale wafadhili, kiliachana palepale kwenye kiungo kabla mashine haijaanza hata kunguruma vizuri. Ukaviokota. Ndani kulikuwa na doa jeusi. Nililiona, uliliona, na Mkurugenzi naye aliletewa akaliona, akavaa miwani kulitazama vizuri. Lilikuwa na umbo la dole gumba, Zaina. Mtu alitazama dole gumba lake mwenyewe na hakulitambua! Akatingisha kichwa na kusema aloi hizi naona hazikubaliani. Wafadhili wakaandika hivyo. Mradi ukafungwa kwa maneno hayo, na tanuru likafunikwa turubai, likapangwa viti vya plastiki juu.

Nilitaka kwenda kumwambia. Ulinishika mkono, tena ulinishika kweli, ukucha uliniingia. Ulisema, "Mkubwa hasemwi. Akiaibika yeye, aibu itakuwa yangu niliyemwaibisha." Nikakuita mwoga. Ukasema, "Niite utakavyo, mtani, ndiyo haki yako." Hatukuzungumzia tena jambo hilo mpaka unakufa, na hiyo ndiyo sehemu ya hasira iliyo juu yako. Ulienda kufundisha watoto wa watu mitambo kwenye ubao, bila tanuru, na ulikuwa unanipigia simu kuniuliza kama panya hawajakata waya.

Mtaani wanasema ulikufa kwa mawazo. Nimewakatalia. Uliumwa figo, na figo ni figo. Sitakuongezea kifo kizuri ambacho hukufa. Ila siku zile wodini, nilipokuwa nakupaka mafuta miguu iliyovimba, uliniuliza kitu kimoja tu cha kazini. Uliuliza kama vile vipande viwili vya mwisho, vile ambavyo havijawahi kutumika, bado ninavyo. Nikakwambia ninavyo. Ukasema, "Usimpe mtu." Basi.

Sasa nikusimulie mazishi yako, maana nina uhakika hakuna aliyekusimulia.

Taasisi ilitoa basi dogo. Tulipanda nawe kutoka Mombo kukiwa na jua, ukungu ukatupokea kwenye zile kona, na Mkurugenzi alikuwa mbele kwenye gari lake. Hilo namkubalia, alikuja. Wanaume wakakuswalia, wakakubeba, sisi wanawake tukabaki uwanjani na masufuria, na mimi Mkristo nikajifunga kanga kichwani nikachambua mchele pamoja na shangazi zako. Waliporudi kutoka makaburini watu wakakaa chini ya turubai, wakala. Halafu yakaja maneno. Mshereheshaji akasoma wasifu wako. Akasema marehemu alikuwa mtaalamu wa kuchomelea vyuma. Nilikuwa nimeshika jagi la maji, nusura nimrushie.

Akasimama Mkurugenzi. Ana sauti nzuri yule mtu, hilo huwezi kumnyima. Alisema dada yetu alikuwa mtiifu na mwenye adabu ya hali ya juu. Akasema, "Alijaribu. Si kila jaribio hufaulu. Zile aloi zilimshinda, lakini hakukata tamaa, na hilo ndilo funzo kwetu." Watu wakaitikia. Nikamtazama baba yako. Alikuwa amekaa kwenye mkeka mguu mmoja umenyooka, ule usiokunjika, anatazama mikono yake. Alikuwa anaambiwa mbele ya kijiji kizima kwamba mwanawe alishindwa, na alikuwa anaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Hapo ndipo nilipokumbuka mimi ni nani. Uwanja mzima ule, wote walikuwa wafiwa, wageni au wakubwa. Mtani alikuwa mimi. Ukienda kuzika kwa watani zako una ruhusa ya kusema lolote, kumwigiza marehemu, kumvunjia hata kaka wa marehemu sahani, na hakuna wa kununa. Mkurugenzi si mtani wangu, kwa hiyo sikuwa na ruhusa ya kumsema yeye. Lakini wewe nilikuwa na ruhusa ya kukusema. Nikasema basi nitakusema wewe, naye mwenye masikio atasikia.

Nikaingia chumbani kwako, nikavaa koti lako jeupe na ile miwani yako yenye mkono uliofungwa uzi. Nikachukua sinia, nikatandika kitambaa cheupe, nikaweka juu yake vile vipande viwili vya mwisho, nilivyokuja navyo mkobani. Nikatoka kwa mwendo wako, ule wa mtu anayekwepa madimbwi kwenye sakafu kavu. Wanawake walianza kucheka kabla sijafika katikati. Shangazi yako mkubwa alicheka na kulia kwa pamoja, akapiga mkeka kwa kiganja. Nikamzungukia kila mzee, "Nawa mikono! Jamani, umenawa? Nani amepaka mafuta ya nazi hapa?" Watu wakavunjika mbavu. Halafu nikafika kwa Mkurugenzi. Nikapiga magoti kabisa. Nikabadilisha sauti, nikaifanya ndogo, ile yako ya kwenye ndoo. Nikasema, "Shikamoo, Mheshimiwa. Karibu utuwekee jiwe la msingi."

Akacheka. Akasema, "Watani bwana!" Na Zaina, wallahi, ninyi ndio mnaoapa hivyo lakini leo naazima, akanyoosha mkono ule ule aliokulia pilau, akavichukua vipande, akavigeuza juani. Akapapasa kwa dole gumba. Akasema, "Laini hivi!" Vijana wakapiga picha na simu zao. Mimi niko magotini namtazama usoni, nasubiri aelewe, na hakuelewa. Alinirudishia kwenye sinia vina mafuta na punje ya wali imenata pembeni, akanipa pole ya msiba.

Uwanja wote ulicheka. Baba yako hakucheka.

Nilirudi kwenye arobaini yako. Dua ilipokwisha na watu kutawanyika, aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kigogo kando ya kitalu cha miche, kule chini ya jiko. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanitania kidogo kwamba mpagazi amekuja bila mzigo. Kisha akaacha utani. "Kulwa," akasema, "mimi nimezikiwa na watani wengi, baba yangu, mama yangu, mke wangu. Utani wote naujua maana yake. Ule wako sikuujua. Siku ile ulicheza nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, sambusa, makofi, doa jeusi. Nikamwambia aloi hazikumshinda mtoto wako, Baba, zilishindwa na mafuta ya kidole. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimembebea habari ile toka Dar es Salaam kama zawadi. Alianza kung'oa magugu moja moja kwenye kitalu kwa ncha ya fimbo. Halafu akauliza swali ambalo nilikuuliza mimi. "Kwa nini hakumwambia asiguse?"

Nikasema sijui, Baba. Adabu, nadhani.

Akaitikia, "Ehe." Ndipo akanisimulia jambo ambalo hukuwahi kunisimulia, na sijui kama ulilisahau au ulilificha. Alisema ulikuwa mdogo, hujaanza hata shule. Kaka yake mkubwa alikuja kuwatembelea, akakatiza shambani akikanyaga kitalu cha kabichi, na wewe ukamkimbilia ukamwambia, "Baba mkubwa, usikanyage, unaua miche!" Kwa sauti, mbele za watu. Baba yako akakata fimbo ya mpeasi, akakuchapa hapo hapo, mgeni akiwa amesimama ndani ya kitalu.

"Na alikuwa na haki," akasema. "Ile aliyoikanyaga ilikufa yote. Lakini nilimchapa, kwa kuwa mkubwa hasemwi. Kutoka siku ile hakumkosoa mkubwa hata mmoja. Nikawa natembea kifua mbele, nawaambia watu mimi nina mtoto mwenye adabu." Akaingia Kishambaa, akasema maneno mengi kwa haraka, mengine sikuyapata. Nilisikia jina lako mara nyingi. Mzee yule sijawahi kumwona akilia hata siku ya kukuzika, na pale hakulia pia. Fimbo tu aliichomeka kwenye udongo, akaiacha hapo.

Nilikuwa nimepanda mlima na hasira zangu zote nimezielekeza kwa mtu mmoja, mwenye gari na sauti nzuri. Sasa nikaambiwa sehemu yake nimgawie mzee mlemavu aliyekaa kwenye kigogo, ambaye wewe uliungua mikono kwa ajili ya nyonga yake. Sikuweza. Nilimwambia tu, Baba, wote wanachapa. Ni kweli, hata kule lain za chai, kwenye nyumba za vibarua upande wa Bungu nilikokulia, tulichapwa kwa hayo hayo. Lakini hakuniuliza kuhusu wote.

Niliporudi kazini nikakuta Mkurugenzi anatafuta kitu cha kuwaonyesha wageni wapya. Akaagiza viti vishushwe, turubai liondolewe, tanuru liwashwe. "Liwake tu waone," akasema. Nikasema sawa. Nikavitoa vipande vyako. Nikavisugua upya, msasa mmoja baada ya mwingine, mpaka ule mlaini kabisa, nikaondoa mafuta ya pilau ya msiba wako. Nikaviosha. Nilikuwa nalia, na nilikuwa naogopa machozi yasidondokee kazi, kwa hiyo nililia nimegeuza uso pembeni. Ungenicheka sana.

Wageni wakaja. Yakasemwa yanayosemwa. Nilikuwa nimevaa glavu, kibano mkononi, vipande viko wazi kwenye kitambaa. Na yeye, akiongea nao, bila hata kutazama, akanyoosha mkono.

Nikasema, "Usiguse, Mzee."

Sikupiga kelele. Nilisema kama ninavyosema kila siku kwa watu wengine. Mkono wake ulibaki hewani, vidole vimefunguka. Nikaongeza, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, "Mkono una mafuta. Mara ya kwanza ndiyo yaliyoharibu. Hii ni kazi ya Zaina Bakari." Akarudisha mkono mfukoni. Nikaviweka mwenyewe, nikafunga, nikawasha.

Kilishika, Zaina. Kilipopoa tulikivuta mbele yao, mashine ikanguruma mpaka ikakereketa, na kilipokatika kilikatikia pembeni, kwenye ile titani laini. Kiungo kilibaki kizima. Nilikata kipande nikakitazama kwa hadubini, nikatafuta mstari wa kati, sikuupata. Nyonga ya baba yako haitabadilishwa na kipande kile, tusidanganyane, kutoka pale hadi mguu wa mtu ni miaka na watu wengi, na mwenye kiu ya kuifikia umelala. Lakini hakuna tena wa kusema hazikubaliani.

Mkurugenzi aliwaambia wageni, "Mnaona? Nilisema tangu mwanzo zitaungana." Kesho yake nikaletewa barua mezani. Natakiwa kujieleza kwa maandishi kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kumvunjia heshima kiongozi mbele ya wageni, na nimeelekezwa kuomba radhi. Wenzangu wananipitia pembeni kama nina surua. Mmoja ameninong'oneza kwamba nilikuwa sahihi, ila ningemwambia kiustaarabu, faraghani, baadaye. Baadaye lini? Baada ya kushika?

Nikampigia simu baba yako. Nilitaka kumweleza habari ya kiungo, jinsi kilivyokatikia pembeni. Sikufika huko. Aliniuliza, "Ulimwambia asiguse?" Nikasema nilimwambia, Baba, mbele za watu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, mzee wa umri ule, "Alikuchapa?"

Nimejitahidi niandike jibu nililompa, naona haliandikiki. Nilikata simu nikaenda kujifungia nyuma ya tanuru.

Basi, Msambaa, nakuacha upumzike, mlima wenu ukufunike vizuri na baridi yake. Ahadi yangu ni hii. Maelezo wanayoyataka nitayaandika, jina lako litakuwa mstari wa kwanza, na samahani haitakuwemo. Wakinifukuza nitapanda zangu kwenu, baba yako amesema matuta yapo ya kupalilia. Na mtoto yeyote wa huko akinipigia kelele kwamba nakanyaga miche, nitarudisha mguu nyuma nimshukuru.

Mtani wako,
Kulwa